Mtazame Mdomo Kabla ya Bawa

Mazungumzo ya leo yanamhusu njiwa mdogo wa vichakani ambaye karibu kila mmoja wetu hapa mkoani Songwe amewahi kumkurupusha bila kumtazama. Unapita asubuhi kwenye kijia kilicho kati ya shamba la kahawa na kichaka. Hatua chache mbele yako anaruka ndege kutoka ardhini, chini kwa chini, mabawa yakitoa rangi ya hudhurungi nyekundu, na kufumba na kufumbua amekwisha potelea majanini. "Njiwa pori," unasema, na safari inaendelea.

Huyo ni pugi. Nimeamua kumpa muda wetu wote wa leo kwa sababu katika nyanda hizi za juu hakuna pugi mmoja. Wako wa aina tatu, na kwenye misitu ya milimani, kuelekea Rungwe, yuko ndugu yao wa nne anayeishi ndani kabisa ya msitu. Wote wanne huokota chakula ardhini. Wote wana rangi za kupendeza ukiwapata kwenye mwanga mzuri. Na wote huchanganywa, hata na watu wenye darubini shingoni na kitabu cha ndege mkobani. Chanzo cha kuwachanganya ni kimoja: jicho hukimbilia doa linalong'aa juu ya bawa, na katika alama zote za pugi, doa hilo ndilo la kuaminiwa mwisho.

Kabla ya kufika kwenye doa, tumtenge pugi na njiwa wengine tunaowaona kila siku. Hua, yule anayelia juu ya miti na nguzo kuanzia alfajiri, ni mkubwa kuliko pugi na ana kola nyeusi nyuma ya shingo. Pugi hana kola. Ninga ni wa kijani mwili mzima na makao yake ni juu ya mikuyu iliyozaa. Humkuti akitembea njiani. Pugi ni mdogo, sentimita 20 hivi kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, mwenye uzito wa gramu 60 au zaidi kidogo, mnene kifuani, mfupi wa miguu. Anatembea haraka haraka huku kichwa kikienda mbele na nyuma, anadonoa, anasimama, anatembea tena.

Akiruka, una muda mfupi sana lakini unatosha. Tazama mabawa: manyoya makubwa ya kurukia ni mekundu ya hudhurungi, na rangi hiyo huonekana pale tu bawa linapofunguka. Tazama chini ya mgongo, karibu na mahali mkia unapoanzia: kuna mistari miwili myeusi iliyokingama, na katikati yake mstari mweupe-kijivu. Ukiona wekundu wa bawa na mistari miwili ya mgongoni, huna haja ya kubishana na mtu. Huyo ni pugi. Swali linalobaki ni pugi yupi.

Hapo ndipo doa linapoleta matatizo. Pugi akiwa ametulia, juu ya bawa lililokunjwa utaona manyoya machache yenye mng'ao wa chuma, katika mafungu mawili madogo. Vitabu vinasema aina hii ina madoa ya kijani, aina ile ina madoa ya buluu, na vitabu havikukosea. Lakini kijani hicho hakikupakwa kwenye unyoya jinsi kitenge kinavyotiwa rangi. Ndani ya unyoya kuna tabaka nyembamba mno. Mwanga ukizigonga, sehemu yake inarudi kwa rangi moja na sehemu kwa rangi nyingine, kutegemea umesimama upande gani na jua liko wapi. Ndege akigeuka kidogo, kijani kinakuwa buluu. Akigeuka tena, kinakuwa zambarau. Akiingia kivulini, ambako ndiko anakopenda kukaa, doa linakuwa jeusi tii. Mtu akikwambia kwamba ameona madoa ya buluu, amekupa habari za jua la saa ile kuliko habari za ndege.

Kwa hiyo mtazame mdomo.

Mdomo haubadiliki na jua. Pugi mwenye madoa ya kijani ana mdomo wa rangi moja, mweusi au wa rangi iliyokolea mpaka kwa mbali unaonekana mweusi wote. Pugi mwenye madoa ya buluu ana mdomo wa damu ya mzee, na ncha yake ni ya njano. Tofauti hiyo ukishaizoea unaiona hata bila darubini, ndege akiwa umbali wa upana wa barabara. Nawasihi hasa walimu wa shule za msingi mlio karibu na vichaka: wafundisheni watoto kuanzia mdomoni. Mtoto anayejua kutazama mdomo wa ndege ameshajua njia ya kuwatambua ndege wengi, kwa maana mdomo ndio unaosema ndege anakula nini na anakulaje.

Baada ya mdomo, angalia uso na tumbo. Pugi wa madoa ya kijani ana kichwa cha kijivu kinachopauka kuelekea kwenye paji, na kistari cheusi kinachotoka mdomoni kwenda machoni. Kifua chake kina waridi hafifu linalofifia hadi weupe tumboni, na mgongo ni wa kijivu cha kahawia. Mwenzake wa buluu anafanana naye sana, ila rangi zake zina joto zaidi. Kahawia ya mgongoni imekolea, na chini ya tumbo hana ule weupe, ana rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Rangi za joto na za baridi ni jambo gumu kulieleza redioni, nakiri, na ndiyo maana nasisitiza mdomo. Mdomo mweusi, kijani. Mdomo wa damu ya mzee wenye njano, buluu.

Sasa tufunge macho tusikilize, maana mara nyingi utamsikia pugi kabla hujamwona, na mara nyingine humwoni kabisa. Pugi wa madoa ya kijani ana mlio ambao kila aliyelelewa vijijini huku anaufahamu hata kama hajui ni wa nani. Anaanza taratibu, kwa kusitasita: tuu... tuu... tu-tuu... tuu. Unadhani amenyamaza. Kisha anaendelea, na mapigo yanasogeleana, tu, tu, tu, tu-tu-tu-tu-tututututu, yakishuka na kufifia mpaka yanaishia. Anaulia mlio huu hata saa sita mchana kwenye joto la Oktoba, wakati ndege wengine wamenyamaza na mbuzi wamelala vivulini. Kusini mwa Afrika, kuanzia Zambia hadi Afrika Kusini, watu husema kwamba ndege huyu anaomboleza: amefiwa na mama, amefiwa na baba, ndugu wamekwisha wote, na mwisho ule wa haraka haraka ni moyo wake unaodunda. Ukiusikia mlio wake mchana wa kiangazi hutawauliza waliotunga maneno hayo waliyatoa wapi.

Pugi wa madoa ya buluu huanza vilevile, kwa kusita, lakini hana subira ya kumaliza. Mlio wake ni mfupi, na unakatika pale mwenzake anapoanza kukolea. Hilo tu litakusaidia sana. Ukisikia mwisho mrefu unaofifia, ni wa kijani. Ukisikia mlio uliokatika kabla hujautarajia, tafuta mdomo wenye ncha ya njano.

Na wa tatu? Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote, nami sioni aibu kusema hivyo hewani. Ni pugi kifua-cheupe. Dume lake, ukilipata ana kwa ana, halina mpinzani. Paji la uso jeupe, nyusi nyeupe, mashavu meupe, koo, kifua na tumbo vyote vyeupe pe, na juu ya weupe huo mgongo wa kahawia iliyoiva. Mdomo wake ni mweusi, kwa hiyo usije ukamchanganya na yule wa kijani kwa sababu ya mdomo tu; weupe wa uso utakuamulia. Jike lake limetulia zaidi: pale dume lilipo jeupe, jike lina ukijivu usoni na kifuani, na weupe unabaki katikati ya tumbo. Watu wengi humwona jike wakadhani ni aina nyingine. Madoa ya bawani wote wanayo, lakini ni ya kiza, na kwa kuwa ndege huyu anaishi mahali penye kivuli kizito, utabahatika sana kuyaona yaking'aa.

Huyu haji sebuleni mwako. Anakaa kwenye msitu wa kando ya mto, kwenye mabonde yenye miti iliyofungana, na akiruka anakwenda kwa kasi ya ajabu, chini, akipinda kushoto na kulia kati ya mashina bila kugusa jani. Ukitaka kumwona akiwa ametulia, nenda kwenye minyonyo inayoota pembezoni mwa mto, mahali mbegu zake zimeanguka chini. Pugi kifua-cheupe anapenda mbegu za mnyonyo, zilezile ambazo kwa binadamu ni sumu kali na ambazo tunawakanya watoto wasizitie mdomoni. Kaa kimya mbali kidogo, usivae nguo ya rangi kali, na umsubiri. Atakuja akitembea, hatakuja akiruka. Atatokea pembeni mwa kivuli, atasimama mguu mmoja mbele akisikiliza, halafu ataokota mbegu moja na kuimeza nzima. Mlio wake ni mrefu na mapigo yake yanakwenda sawasawa, tu-tu-tu-tu, halafu yanakoma ghafla.

Ndege huyu si wetu wa Songwe peke yetu. Yuko hata kisiwani Pemba, na ng'ambo ya bahari huko Komoro. Lakini popote alipo, sharti lake ni hilohilo: kivuli kizito. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa kuwa kuwatambua pugi kuna faida kubwa kuliko kujua majina.

Watatu hawa wamegawana ardhi. Wa madoa ya kijani ni wa pakavu: miombo, vichaka, mahali penye misuku na nyasi, kingo za mashamba ya mahindi. Anavumilia mengi. Ukikata miti ukaacha vichaka, bado yupo. Wa madoa ya buluu anataka unyevu zaidi. Utamkuta kwenye kingo za misitu, kwenye mabonde mabichi, kwenye mashamba ya kahawa yenye miti ya kivuli. Kifua-cheupe anataka msitu wenyewe, au angalau utepe wa msitu uliofungana kufuata mto. Ukitembea kutoka juu ya uwanda wa Mbozi ukashuka bondeni hadi kwenye maji, na kila mahali ukasikiliza, unaweza kuwasikia wakipokezana. Na ukirudi baada ya miaka michache kwenye bonde lilelile ukakuta wa kijani ndiye anayelia mahali alipokuwa akilia kifua-cheupe, huhitaji afisa wa kukuambia kwamba msitu umeondoka na bonde limekauka.

Hii ndiyo sababu nasema doa la bawani lisitupotezee muda. Tukiwaita wote njiwa pori, mabadiliko hayo yanapita mbele ya macho yetu bila kuonekana. Njiwa pori bado wapo, tutasema. Kweli wapo. Lakini ni njiwa pori gani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Kila mkulima wa bondeni ameisikia hiyo mita sitini, na wengine imewauma, maana ardhi ya bondeni ndiyo yenye rutuba na ndiyo inayotoa mboga wakati wa kiangazi. Sitaki kulifanya jambo hilo jepesi. Familia yenye watoto inahitaji bustani. Ninachosema ni kwamba utepe ule wa mita sitini, mahali ulipoachwa ukaota miti, ndio nyumba ya pugi kifua-cheupe, na ndio unaoshikilia udongo usiende na maji ya masika hadi Ziwa Rukwa. Mahali ulipokatwa hadi ukingoni, ndege huyo haonekani, na maji yenyewe ya Septemba yanajulikana yalivyo.

Kwa wakulima wa kahawa, neno moja. Shamba la kahawa lenye miti mirefu ya kivuli, na chini yake majani yaliyoachwa yaoze, ni makao mazuri kwa pugi wa madoa ya buluu, ambaye huokota mbegu za magugu bila kugusa kahawa yako. Shamba lililo wazi juani halimpi kitu. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Mbimba wako karibu nanyi, na suala la miti gani ipandwe kwa kivuli waulizeni wao. Mimi ni mtu wa ndege.

Kuna mambo mawili ya maisha ya pugi ambayo nisingependa yapite. La kwanza ni kiota. Pugi hajengi sana. Anapanga vijiti vichache juu ya tawi la kichaka, si juu sana, mara nyingi chini ya kimo cha mtu aliyeinua mkono, na ukisimama chini yake unaweza kuona mwanga ukipita, na wakati mwingine kivuli cha mayai yenyewe. Mayai ni mawili, ya rangi ya malai. Dume na jike wanapokezana kuyaatamia. Makinda yakianguliwa, wazazi wote wawili wanayalisha maziwa yanayotengenezwa ndani ya gole lao, kimiminika kizito chenye mafuta na protini. Baba ananyonyesha sawa na mama! Njiwa wote duniani wana kipaji hiki, na ni ndege wachache sana wengine walionacho.

La pili ni namna anavyokunywa. Ndege wengi, akiwemo kuku, huchota maji mdomoni kisha huinua kichwa ili yateremke. Pugi anazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja mpaka ashibe, kichwa kikiwa chini. Ukimvizia kisimani au kwenye kidimbwi cha mto jioni, hapo ndipo utakapomtazama vizuri kuliko mahali pengine popote. Anafika kwa miguu. Anasimama ukingoni akitazama huku na huku kwa muda ambao utakuchosha. Halafu mdomo unaingia majini, na kwa muda mfupi hatikisiki. Ndiyo nafasi yako: rangi ya mdomo, kistari cha jicho, rangi ya tumbo. Macho yako yakienda bawani kwanza, umeipoteza.

Vijana wenye manati, nanyi nawaomba mumwache. Ndege wa gramu 60 hajazi hata kiganja, na yule unayempiga asubuhi ya msimu wa kutaga ana makinda mawili yanayomsubiri yeye na mwenzake. Macho makali yanayokuwezesha kumlenga pugi kwenye kivuli ndiyo hasa yanayohitajika katika kazi ya kuwatambua ndege. Wala sisemi hivi ili kuwabembeleza. Nitawapa mfano wa mbali.

Huko Papua New Guinea, kwenye kisiwa cha Fergusson, kulikuwa na njiwa mkubwa wa ardhini anayeishi msituni, mwenye mwili mweusi, mgongo na mabawa ya rangi ya kutu, na mkia anaoupandisha na kuushusha anapotembea. Wanasayansi walimjua kwa vielelezo vya mwaka 1882. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 2022 watafiti wakaenda kumtafuta, wakatega kamera msituni kwa wiki kadhaa, na siku zikaanza kuwaishia bila kupata kitu. Waliowasaidia walikuwa wawindaji wa vijiji vya pale. Wao walikuwa wanamfahamu, walikuwa wanausikia mlio wake, na walijua yuko kwenye bonde gani. Kamera zikasogezwa walikoelekeza wao, na ndege akapigwa picha akitembea juu ya majani, miaka 140 baada ya vielelezo vile. Ufahamu ule ulikuwepo kijijini siku zote. Ulikuwa haujaulizwa wala kuandikwa.

Sehemu nyingine za dunia pia zina njiwa wa ardhini wenye rangi za kupendeza. Kuanzia India hadi Asia ya Kusini-Mashariki yuko yule mwenye mabawa ya kijani kibichi na mdomo mwekundu, ambaye jimbo la Tamil Nadu limemfanya ndege wake rasmi. Naye hutembea kwenye kivuli cha msitu akiokota mbegu na matunda yaliyoanguka, na watu humpita bila kumwona. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali, kwa sababu yule wa nne niliyemtaja mwanzoni bado anatusubiri.

Huyu wa nne si pugi, ingawa ana tabia za pugi. Ni njiwa wa msitu wa milimani, mkubwa kuliko pugi, sentimita 25 hivi, mwenye tumbo na kifua vya rangi ya mdalasini. Uso wake ni mweupe uliofifia, na dume huwa na weupe zaidi. Kisogo na ubavu wa shingo vina mng'ao wa kijani na waridi. Hana doa bawani hata moja. Hana wekundu wa bawa anaporuka, na hana mistari miwili ya mgongoni. Hizo alama tatu asizokuwa nazo ndizo za kumtofautisha na pugi wote. Yuko kuanzia Ethiopia hadi kusini kabisa mwa Afrika, lakini pale tu penye msitu uliofunga juu, na katika ukanda wetu huo ni msitu wa milimani kama ule wa Mlima Rungwe.

Msitu ule wa Rungwe tusiudharau. Ndipo mwaka 2003 watafiti walipomkuta kipunji, kima ambaye sayansi ilikuwa haimjui, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina lake. Mnyama mkubwa vile, mwenye kelele, alijificha kwa wanasayansi hadi karne ya 21. Njiwa wa rangi ya mdalasini anayetembea kimya juu ya majani makavu atakuwa na shida gani kujificha?

Namna ya kumpata ni kusikiliza majani. Njiwa hachakuri kwa miguu; huyu hutumia mdomo kugeuza majani, moja baada ya jingine, akiyatupa kando na kutazama kilicho chini. Kwenye msitu mkavu sauti hiyo inafika mbali kiasi. Simama pale pale. Ukiendelea kutembea, ataruka kwa mshindo mkubwa wa mabawa, atatua si mbali, nyuma ya shina, na kuanza kukuondokea kwa miguu. Ukisimama, anaweza kuendelea na kazi yake mpaka akaingia machoni pako.

Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambao Neil na Liz Baker wameuendesha tangu miaka ya 1980, umekuwa ukikusanya taarifa za ndege kutoka kila pembe ya nchi, na ramani zake zimejengwa na watu waliojali kuandika walichokiona na mahali walipokionea. Ukiwa na daftari la shule na kalamu unaweza kuanza yako leo. Andika tarehe na saa. Andika jina la kijiji na la mto. Andika aina ya miti: misuku, mikuyu, kahawa, milingoti, yoyote iliyopo. Andika rangi ya mdomo kabla ya kitu kingine chochote. Kama hukuuona mdomo, andika hivyo hivyo, kwamba hukuuona, na usijaze nafasi hiyo kwa kubahatisha. Simu yako ikiwa na chaji, rekodi mlio, hata kwa nusu dakika, ukiwa umeielekeza kichakani na wenzako wamenyamaza. Mlio uliorekodiwa bondeni kwenu unaweza kumaliza ubishi ambao picha tatu za doa la bawani haziwezi kuumaliza.

Na wale mnaokwenda Ileje au Rungwe kwa ndugu, au mnaopita milimani kwa biashara ya viazi na mbao, kuna sauti moja ya kuitega masikio asubuhi na mapema ndani ya msitu. Haishuki, haiharakishi wala haifi kwa kufifia kama ya pugi. Ni mguno mmoja wa chini, mzito, unaotoka karibu na ardhi: huuu. Unapumua. Halafu tena, huuu, kwa kina kilekile, mara nyingi mfululizo. Ukiusikia ukiwa chini ya miti mirefu iliyofunga, usiufukuzie. Andika jina la mlima na upande wa msitu, simama karibu na shina kubwa, na uanze kutazama chini, mahali majani yanapogeuzwa.